Nzi wa Masika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipita vichochoro vya nyuma. Nyumba niliyokuwa nikienda ilikuwa Ndia Kuu penyewe, ghorofa ya juu ya duka la vinyago na masanduku ya njumu, na kutoka kwetu ni mwendo mfupi tu. Lakini nilizunguka, kwa kuwa sikutaka waliokaa barazani wanione nikiingia mlango wa Mzungu. Shangazi yangu Mwanaisha, ndiye aliyenipeleka, alinifuata nyuma. Yeye alikuwa ameshaingia kazini humo kabla yangu, na nadhani siku yake ya kwanza naye alizunguka. Masika yalikuwa yameanza. Mabati yalivuma kwa mvua hata mtu akikuita usingemsikia, nami niliona hiyo ni bahati yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, bendera ya zamani bado haijashushwa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo mtaani kwetu, akisomesha watoto Kurani, na binti wa mwalimu hutazamwa kuliko mabinti wengine. Msidhani kwamba wanawake wa nyumba kama zetu walikaa bure. Walishona kofia, walisuka mikeka, walipika mahamri na vibibi vya kuuza. Lakini yote hayo waliyafanya ndani, na aliyetoka kupeleka mzigo alikuwa mtoto au mjakazi. Mimi nilikuwa natoka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikienda kufanya kazi ambayo hata jina lake lilinitia haya.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga nzi.

Hebu niwaeleze, maana najua mtacheka, na waliocheka wakati ule walikuwa wengi. Huko bara, katika mito ya baridi itokayo milimani, kuna samaki aitwaye trauti. Wazungu walimleta zamani kutoka kwao wakamtia katika mito ile ili wamvue kwa starehe. Hawamvui kwa nyavu wala kwa chambo cha dagaa. Humvua kwa ndoano ndogo iliyovishwa manyoya, uzi na sufi, mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Mdudu huyo wa bandia ndiye waliyemwita nzi. Nzi hao walifungwa kwa mkono, mmoja mmoja, na karakana yetu ilikuwa ikiwapeleka bara kwa gari la moshi na ng'ambo kwa meli.

Kwa nini Mombasa, ambako hakuna mto hata mmoja? Nilimwuliza Meneja siku moja, akaniambia kwamba aliwahi kuona kofia ya vitundu kichwani mwa mpagazi bandarini, akauliza imeshonwa na nani. Alipoambiwa ni wanawake, alijua mikono anayoitafuta ameipata. Meneja huyo alikuwa Mzungu wa makamo aliyeishi miaka mingi karibu na mlima, akateremka pwani kwa sababu ya magoti yake kumwuma kwa baridi. Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba ya bara. Kila mtu kwake alikuwa "wewe", mkubwa na mdogo, wala hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kusema. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema ili msije mkamhukumu kabla sijamaliza.

Chini yake alikuwepo Msimamizi, mama wa Kigoa mwenye miwani ya mnyororo, ndiye aliyetufundisha. Chumba kilikuwa cha wanawake watupu. Baba alinipa ruhusa kwa sharti hilo, na kwa sharti la pili kwamba niende na kurudi na shangazi.

Kila mmoja wetu alikuwa na jiliwa dogo lililokazwa ukingoni mwa meza, la kushika ndoano isitikisike. Ukianza, unazungusha uzi wa hariri uliopakwa nta kuanzia karibu na tundu la ndoano kwenda nyuma. Hapo unafunga mkia, yaani nywele chache tu, za mbuzi au za sungura. Kisha unaviringisha sufi iwe tumbo, na juu ya tumbo unapitisha zari nyembamba kama ile ya kushonea majoho, ili mdudu ang'are kidogo. Mwisho unachukua unyoya wa shingo ya jogoo, unauzungusha mbele mpaka usimame pande zote kama kola ya shati. Unafunga fundo, unatia tone la vanishi, umemaliza. Kola ya jogoo mzee husimama, na nzi wake huelea juu ya maji. Kola ya kuku jike ni laini, na nzi wake huzama. Basi tulikuwa na nzi wa kuelea na nzi wa kuzama, na kujua lini afungwe yupi ilikuwa ni kujua habari za mvua.

Hili ndilo Meneja alilolifundisha mwenyewe, hakumwachia Msimamizi. Alileta udongo mwekundu wa mlimani ndani ya mkebe. Akatia maji safi katika bilauri, akadondosha nzi mdogo wa rangi ya majivu, akatuambia tutazame. Tulimwona vizuri. Huo, akasema, ni mto wakati wa kiangazi. Maji ni kama kioo, samaki huona kila kitu, hata kivuli cha mvuvi, kwa hiyo nzi awe mdogo na asiwe na makeke. Kisha akachota udongo kidogo akakoroga. Nzi akafifia. Akaongeza udongo, akapotea kabisa.

Akatueleza kwamba mvua za kwanza zinapoanguka, mto hupanda kidogo na kubeba nyungunyungu, mende na siafu kutoka ukingoni, na hapo trauti hula kwa pupa. Ikizidi kunyesha, maji huwa mazito kama uji wa mtama, samaki hujificha chini ya kingo wakingoja mto utulie, na mvuvi arudi nyumbani. Halafu mvua ikikatika, maji huanza kusafika, yanafika rangi ya chai kavu, isiyo na maziwa. Siku hizo za rangi ya chai ndizo mvuvi anazozipenda kuliko zote, kwa kuwa samaki ana njaa, naye hamwoni mvuvi vizuri. Shida ni kwamba hamwoni nzi vizuri vilevile.

Sikuwa nimeona mto maishani mwangu, lakini maji ya mvua niliyajua. Ukienda upande wa Kibarani baada ya mvua kubwa, ungeona maji ya chumvi yamegeuka rangi ya kahawia hadi mbali, na watu wa mishipi wamekunja mishipi yao. Nikajisemea, kumbe ni mambo yaleyale.

Mvua ilitusumbua hata sisi tuliokuwa juu ya ghorofa. Nta ililainika, vanishi haikukauka, na ndoano zilishika kutu tusipoziweka ndani ya mikebe pamoja na mkaa uliofungwa kitambaani. Manyoya yalilegea. Mwaka mmoja masika yalikuwa makubwa pwani na bara, na barua zikaanza kuja kutoka mlimani kwamba nzi wetu hawafai kitu katika maji yale. Meneja aliweka bilauri ya maji ya rangi ya chai katikati ya meza, akatuambia kila mmoja ajaribu apendavyo.

Mimi nilifunga nzi mweusi. Nilichukua unyoya wa jogoo mweusi, na kwa kuwa ulikuwa umelegea kwa unyevu na haukusimama, niliongeza wa pili juu yake. Kwenye tumbo nilipitisha zari mara mbili. Alikuwa mnene, hana sura nzuri, na Msimamizi alipomwona alikunja uso. Lakini ndani ya bilauri alionekana, na Meneja alipovuta uzi, zile kola mbili zilipumua majini, zikifunguka na kujifunga. Alifurahi sana. Alisema trauti hana macho peke yake, ubavuni mwake pia husikia mtikisiko wa maji, na nzi huyu atasikika hata asipoonekana. Akawapeleka wachache bara kwa rafiki zake. Haukupita muda wakaagiza kwa maboksi.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na kisa cha furaha cha kuwasimulia.

Siku moja Msimamizi aliniambia mpiga picha atakuja. Nilimwambia mimi sipigwi picha. Akanijibu kwa upole kwamba ni picha ya mikono tu, mikono na jiliwa, ili wanunuzi waone kazi inavyofanywa. Nikaona mikono haina neno. Mpiga picha, Mhindi mwenye studio yake mjini, alikuja na taa mbili, akaniweka karibu na dirisha. Akasema buibui inaleta kivuli mezani, niishushe mabegani. Niliishusha, nikabaki na mtandio kichwani. Nikainama juu ya kazi yangu kama kawaida, na kwa joto la zile taa mtandio ukateleza nyuma. Ninakumbuka nilikuwa nikifunga fundo la mwisho na sikuweza kuachia uzi. Taa ikawaka. Nilimwuliza Msimamizi kama ni mikono, akamtazama mpiga picha, naye akasema ndiyo.

Baadaye vilikuja vifurushi kutoka kwa mpiga chapa. Msimamizi alifungua kimoja akakunjua kalenda kubwa, karatasi nene inayong'aa. Juu ilikuwa picha. Mikono yangu ilikuwemo, ni kweli, chini pembeni. Kilichojaa karatasi kilikuwa uso wangu, nywele zangu zimegawanywa katikati, macho yameinamishwa, na mwanga wa dirisha shavuni. Sikuwa nimewahi kuona picha yangu. Nilijitazama muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kisha damu ikanipanda usoni, nikakaa kitini kwangu nisiweze kushika ndoano. Shangazi aliikunja ile karatasi akamwuliza Msimamizi zinapelekwa wapi. Akaambiwa bara, zote bara, kwa maduka ya wavuvi. Tulijifariji kwa neno hilo. Bara ni mbali.

Hatukujua kwamba nyingine zilikuwa zimebaki, na kwamba Meneja, kwa ukarimu wake, alizigawa kwa watu aliofahamiana nao mjini. Alimpa mwenye duka la vinyago chini yetu. Alimpa muuza dawa wa Ganjoni. Alimpa mwenye baa moja ya mabaharia upande wa Kilindini. Na alimpa kinyozi aliyemnyoa ndevu, ambaye ndiye aliyemnyoa baba yangu pia.

Kinyozi alikuwa mtu mwenye heshima. Alipomwona baba anaingia aliigeuza kalenda ikatazama ukuta. Baba alikaa kitini, akapakwa sabuni, akanyolewa upande mmoja, ndipo akauliza kwa nini kalenda imegeuzwa. Kinyozi akafuta wembe. Ndipo baba akainuka, na sabuni bado i shavuni, akaigeuza mwenyewe.

Alirudi nyumbani kanzu imelowa, upande mmoja wa uso umenyolewa, upande wa pili haukunyolewa. Akakaa ukumbini. Aliniita kwa sauti yake ya kila siku.

"Nimekuona kwa kinyozi," akaniambia.

Nilikuwa nimesimama mbele yake na sikuwa na pa kuweka mikono.

"Ndiwe yule?"

"Ndimi, baba."

Hakuniuliza jambo jingine. Heri angenikaripia. Kuna haya, ambayo mtu huwa nayo mwenyewe, na kuna aibu, ambayo watu hukuvika. Mimi nilikuwa na zote mbili, lakini nilipoutazama ule uso ulionyolewa nusu niliona kwamba aibu kubwa nimemvika yeye, naye hakuwa ametenda lolote ila kuniruhusu.

Siku zilizofuata hakwenda chuoni. Alisema ana homa, na mwanafunzi wake mkubwa akawasomesha wadogo. Watoto wa nyumba mbili hawakuletwa tena. Wakati huo nilikuwa nimeposwa na watu wa Kibokoni, kijana wao alikuwa karani wa forodha. Wanawake wa kwao walikuja, wakanywa kahawa, wakasifu halua, wakasema ni vizuri tungoje kwanza mpaka mvua zipite. Masika yale yalipokuja kwisha, hawakurudi. Mimi sikutoka mlangoni. Nilikaa chumba cha nyuma nikisikiliza watu wanaopita njiani, na kila walipocheka niliona wananicheka mimi.

Shangazi ndiye aliyechoka. Asubuhi moja alivaa buibui yake akaniambia nivae yangu, tunakwenda kwa Meneja. Safari hii hatukuzunguka. Tulipita Ndia Kuu wazi, yeye mbele, mimi nyuma yake nimefunika uso mpaka nikajikwaa.

Meneja alishangaa kutuona. Alisema kalenda imependwa sana, kwamba picha ni nzuri, na mimi nijivunie. Shangazi alimngoja amalize.

"Bwana," akamwambia, "sisi tulikupa mikono. Uso hatukukupa. Twataka uturudishie."

Meneja alimtazama Msimamizi, Msimamizi akatazama sakafu. Meneja akasema nyingine ziko Nyeri na Nanyuki, nyingine zimevuka bahari, hazirudishiki. Shangazi akamwambia basi azirudishe zilizo karibu. Yeye aliyekuwa na haraka ya kusema siku zote sasa alikuwa akisugua goti lake. Nadhani hapo ndipo alipoanza kufahamu, lakini ni nusu tu.

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu. Mchana ule, mvua ikinyesha kweli kweli, yule Mzungu aliteremka ngazi akaanza kuzunguka kwa miguu. Alianza na duka la chini, akaenda kwa kinyozi, akavuka mji hadi Ganjoni kwa muuza dawa, akaingia ile baa ya Kilindini akaibandua kalenda mbele ya mabaharia waliokuwa wakimzomea. Watu walisimama chini ya vibaraza kumtazama, hana mwavuli, ana furushi la karatasi kwapani na anachechemea. Zote alizozikusanya alizichoma ndani ya pipa ua wa nyuma wa karakana, pamoja na zile zilizobaki stoo. Shangazi alikwenda akazitazama zikiungua, akarudi kunihakikishia.

Laiti angeishia hapo. Lakini Meneja alikuwa mtu wa kumaliza jambo, akaja mpaka kwetu.

Mtaa mzima ulimwona amesimama mlangoni akitiririka maji. Baba angeweza kumwacha hapo, lakini si desturi yetu. Alimkaribisha, akampa kitambaa cha kujifutia, akaagiza kahawa. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia. Meneja aliomba msamaha vizuri, kwa kile Kiswahili chake. Alisema hakujua, na kwamba picha zote za mjini amezitoa. Baba akamwambia amesikia, na anamshukuru kwa miguu yake. Pengine yote yangekwisha. Lakini Meneja alitaka kumpa baba kitu, na kwa kuwa hakuwa na kingine, akampa sifa zangu.

"Mzee, binti yako ni fundi mkubwa," akasema. "Nzi wake tumempa jina lake. Huko mlimani, mvua ikinyesha, wanaume wote mtoni wanaulizana: wewe una Salma? Nipe Salma moja. Leo Salma amenipa samaki wanne."

Shangazi alinishika mkono. Nyuma ya pazia lile nilitamani sakafu inimeze. Nilijua maboksi yanaandikwa jina langu, lakini niliona ni karatasi tu, kamwe sikuwahi kulifikiria likiwa midomoni mwa watu. Niliwaona wanaume nisiowajua, wamesimama ndani ya maji, wakiliita.

Nilisikia baba akiweka kikombe chini.

"Bwana," akasema taratibu, "umekuja kuniomba radhi kwa ajili ya uso wake. Sasa umenambia na jina lake."

Kisha nikamsikia Meneja akisema kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, kwamba hakujua. Na baba akamjibu kwamba yeye pia hakujua, kwa hiyo katika hilo wako sawa.

Halafu baba aliniita. Nilitoka nimejifunika, nikasimama karibu na pazia. Akaniuliza jambo ambalo tangu nianze kazi hakuwahi kuniuliza, kwa sababu, nadhani, alikuwa akiona haya kwa ajili yangu kama nilivyokuwa nikiona kwa ajili yake. Aliniuliza huyo nzi wangu hufanya nini.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya maji ya kiangazi na maji ya mvua, na samaki anavyojificha mto ukichafuka, na rangi ya chai, na kola mbili zinazotikisa maji ili asiyeona asikie. Baba alisikiliza kama alivyowasikiliza wanafunzi wake wakisoma, ameinamisha kichwa. Mahali pamoja alinisimamisha akauliza samaki atajuaje kwamba ni chakula na si jani. Nikasema jani halipumui. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mwiteni Masika," akamwambia Meneja.

Na tangu siku ile ndivyo alivyoitwa. Meneja alipokwisha kwenda, baba aliniambia maneno machache ambayo nimekaa nayo tangu hapo.

"Kazi ni yako," alisema. "Uso ni wetu sote."

Nilirudi kazini baada ya Idi. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko siku ya kwanza. Wenzangu waliacha kuzungumza nilipoingia, na Msimamizi aliniletea ndoano zangu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, bila ya kunitazama. Hatukulisema lile jambo mpaka alipoondoka. Bendera ilipobadilika, Meneja aliuza karakana akarudi kwao. Aliyeinunua, tuliyemwita Mkurugenzi, alituhamishia Ganjoni katika nyumba ya saruji yenye feni, ambako vanishi ilikauka hata wakati wa masika. Alikuwa mtu wa hesabu. Habari za mito hakuzijua wala hakuzitaka, akaniachia mimi kusema lini tufunge wa kuelea na lini wa kuzama. Msimamizi alipohamia kwa mwanawe ng'ambo, miwani yake ya mnyororo aliniachia, na kiti chake nikapewa mimi. Niliolewa na fundi wa saa, mjane, ambaye hakuniuliza neno. Mabinti niliowafundisha baadaye walikuwa wa kizazi kingine. Mara moja alikuja mtu wa gazeti kutaka picha, nikamsimamisha mlangoni, nikaingia ndani kuwauliza kama wako radhi. Wote waliinuka kutafuta vioo.

Kabla ya miaka ile kwisha, mnunuzi mmoja wa bara alituletea trauti kwa gari la moshi, amemlaza ndani ya sanduku la barafu na vumbi la mbao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Mkurugenzi alinipa mimi nimpeleke nyumbani. Nilimweka ndani ya sinia mbele ya baba, ambaye siku zile alikuwa ameanza kuzeeka na chuo ameshamwachia mwanafunzi wake. Alikuwa samaki mdogo, urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, mwenye madoadoa ubavuni. Baba alimgeuza upande huu, akamgeuza upande wa pili. Akanitazama.

"Ni huyu tu?" akauliza.

"Ni huyu, baba."

Tulimpika kwa nazi na ndimu. Nyama yake ilikuwa laini, ina harufu ya udongo kidogo. Baba alikula fungu lake lote akanawa, wala hakumtaja tena.

Nilistaafu macho yalipokataa kuona tundu la ndoano. Nilipewa sherehe ndogo, cherehani ya zawadi na hotuba. Vijana wanaonizunguka sasa huniuliza nilifanya kazi gani, nami huwajibu kwamba nilikuwa katika ushonaji, maana hata leo neno lile la kufunga nzi halinitoki kwa urahisi. Wao nyuso zao wanazitawanya duniani kutwa kucha, na sioni sababu ya kuwalaumu. Kila zama na mambo ya watu wake. Mimi nimeandika haya ili ijulikane kwamba kazi ile ilikuwepo, na kwamba katika mji usio na mto walikuwepo wanawake waliojua mito inavyobadilika kwa mvua.

Jana mjukuu wangu aliniuliza nilikuwaje nilipokuwa msichana. Alitaka kuona. Nilimwambia sina picha, na ni kweli, sina hata moja. Katika nyumba yetu hazikupigwa, na iliyopigwa tuliomba iondolewe, ikachomwa. Tulipewa tulichokitaka. Naona haya kuliandika hili, na kama baba angekuwa hai nisingeliandika. Lakini mawingu yakikusanyika na redio ikasema kunanyesha mlimani, mimi huwaza kuhusu zile kalenda zilizokwenda Nyeri na Nanyuki, nikatumai kwamba ukutani mwa duka fulani la zamani, nyuma ya kabati, kuna mtu amesahau kubandua moja.